Kasoro ya Pombe ya Maboga

Vikonyo vya maboga vilipoanza kukauka pale Makere, mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka 2013, watu walianza kupita karibu na uwanja wa Mama Melkiadi bila shughuli yoyote. Walikuwa wanapeleleza moshi. Pombe ya ndizi hupikwa mwaka mzima na kila mwenye shamba la migomba, lakini ya maboga ina msimu wake, na kijijini hapo ilikuwa na mwenyewe.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Ernesta. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye mkono mtamu na ulimi mchungu. Mkono ulimletea wageni, ulimi ukawafanya wakae kwa adabu.

Chungu cha kwanza cha msimu kilikuwa na desturi yake. Mwenye chungu huketi mbele ya wazee, hutoboa majani ya mgomba yaliyofunika chungu kwa mrija, huonja kabla ya mtu yeyote, kisha hutaja kasoro ya pombe yake. Hata iwe nzuri namna gani, lazima ataje kasoro moja: kimea kimepungua, au imechujwa mapema, au boga lilikuwa changa. Akitaja kasoro ya kweli, wazee hunywa kwa amani. Akiificha, watu hujiuliza anaficha na nini kingine.

Mkazamwana wake, Ghati, alitoka Tarime. Melkiadi alimwoa huko alipokuwa fundi mwashi, akaja naye Makere. Alikuwa na bidii, lakini Ernesta hakumsamehe kuwa mgeni. Mwaka mmoja Ghati alikuwa amejaribu kupika ya maboga kwa mkono wake mwenyewe. Akaketi mbele ya wazee, akaonja, akasema kimea kimezidi kidogo. Ernesta akauchukua mrija, akavuta, akatema katikati ya miguu ya mkazamwana wake.

"Kimea kimezidi?" aliuliza. "Mwanangu, haya ni maji ya kuoshea maiti."

Uwanja mzima ulicheka. Tangu siku hiyo, hata mnadani, Ghati aliitwa Maji ya Maiti. Watoto walilitaja jina hilo wakiruka kamba. Ernesta aliwasikia na hakuwahi kuwakemea; alilipenda neno lake kama mtu anavyompenda mbuzi wake aliyenona.

Sasa, wakati wa Kwaresima mwaka huo wa 2013, Ernesta alishikwa na homa kali ya mafua. Alipopona alirudi jikoni, akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Akaonja tena, akaongeza tena. Melkiadi alipotia tonge mdomoni alilirudisha mkononi.

"Mama, umetupikia bahari?"

Ernesta alicheka pamoja nao. Walipotawanyika alichota chumvi kwa vidole, akaiweka ulimini, akangoja. Ilikuwa kama mchanga. Akatafuna kitunguu kibichi. Macho yalitoa machozi, ulimi ukakaa kimya. Alipiga magoti pale pale kwenye majivu, akamwomba Mungu amrudishie ladha, akaahidi misa, akaahidi kuku, akaahidi kila kitu isipokuwa kuomba radhi.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Melkiadi alikuwa ameshasema, tena mbele ya baba yake mdogo, Mzee Pasikali, kwamba siku mama atakaposhindwa chungu atampeleka Kibondo kwa dada yake akapumzike. Dada huyo, binti wa Ernesta, alisilimu alipoolewa na Nurudini, mwenye duka la vitenge, akaitwa Mwanaamina. Nyumba yao ilikuwa safi, chakula tele, na mkwe wake alikuwa mtu wa heshima. Lakini pombe haikuvuka kizingiti kile, na ilikuwa haki yao. Ernesta aliwahi kulala kwao wiki mbili. Aliletewa chai, akaletewa mto wa kuegemea, akaambiwa asiguse kitu. Alirudi Makere akisema amejua sasa maiti hujisikiaje.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwita Ghati nyuma ya ghala, akamshika mkono.

"Mwanangu, ulimi wangu umekufa. Sisikii chumvi, sisikii sukari, hata harufu. Usimwambie mumeo."

"Pole, mama. Tangu lini?"

"Tangu homa. Mikono yangu bado inajua kupika. Wewe nionjee tu, uniambie kasoro, mimi nitaitaja."

"Nitakuwa ulimi wako, mama," Ghati akasema, akapiga goti kama inavyompasa mkazamwana. Ernesta alilala usingizi mzuri siku hiyo. Hakuona ajabu kwamba aliyemtemea ndiye aliyemkimbilia. Watu wenye maneno makali huwa hivyo. Wao husahau, wakadhani na wengine wamesahau.

Walipika pamoja. Ernesta alichagua maboga kwa kuyagonga na kusikiliza, akayachemsha, akayaponda, akatia kimea cha mtama kwa kipimo cha kiganja chake. Ghati alichuja. Pombe iliwekwa katika chungu kikubwa jikoni ikae ichachuke. Kila asubuhi Ghati alionja na kuleta habari: leo bado changa, leo inaamka, leo imefika.

Siku ya chungu cha kwanza ilikuwa Jumapili baada ya misa. Wazee walikaa kwenye viti na vigoda, wanawake kwenye mikeka. Mzee Pasikali alikuwepo, na jirani yao Harerimana, aliyejulikana kwa mizaha na kwa kutokosa pombe ya mtu. Ghati na mwanamke mmoja walikitoa chungu, kimefunikwa kwa majani na kufungwa vizuri.

"Kasoro gani?" Ernesta alinong'ona.

"Imezidi utamu kidogo, mama. Basi. Mwaka huu umejishinda."

Ernesta aliketi. Akafanya ishara ya msalaba, akatoboa majani kwa mrija, akavuta. Alisikia ubaridi ukipita, na kitu kikimwasha kwenye ncha ya ulimi. Akadhani ni uhai wa pombe. Akafumba macho kama alivyozoea kuwafanyia watu kila mwaka, akayafumbua.

"Wazee wangu, nawaambia ukweli. Imezidi utamu kidogo. Maboga ya mwaka huu yamekunywa jua."

"Utamu ukizidi tutausamehe," Harerimana akasema, na watu wakacheka. Mzee Pasikali akapokea mrija, akavuta kwa pumzi ndefu ya mtu aliyengoja mwaka mzima.

Aliitoa yote, kwa mdomo na kwa pua, juu ya shati lake la kanisani.

"Siki!" alifoka huku akikohoa. "Shemeji, hii ni siki! Unataka kutuua?"

Harerimana akajaribu kidogo, akakunja uso, akasema, "Kama huu ndio utamu, mke wangu ni asali." Hakuna aliyecheka sana. Mama mmoja alivuta mwanawe karibu. Kwenye mkeka wa nyuma mtu alisema, si kwa sauti ya chini, "Mbona ametuambia ni tamu? Ametia nini humo?"

Ernesta alimgeukia Ghati. Ghati alikuwa ameshasimama.

"Wazee wangu, msiondoke," alisema kwa upole. "Niliona tangu wiki iliyopita kwamba ya mama imeharibika. Nikaogopa kumwambia, mnamjua. Nikapika nyingine kidogo kwa rafiki yangu ng'ambo ya mto. Naomba niilete."

Kikaletwa chungu cha pili. Ernesta aliutambua mkanda wa majani yake, fundo lake mwenyewe, la kushoto juu ya kulia. Ndicho alichokipika. Ndicho alichokiamsha kwa mikono yake. Akafungua mdomo kusema, na mdomo ukabaki wazi, maana kila neno alilolitafuta lilianza na kukiri kwamba hakuweza kuonja.

Ghati aliketi mahali pa mwenye chungu. Aliinamisha kichwa.

"Bwana, tunakushukuru kwa mavuno. Tunakushukuru kwa mama yetu aliyetufundisha. Umpe pumziko katika uzee wake. Amina."

"Amina," wakaitikia.

Akaonja. "Kimea kimepungua kidogo," alisema. Ilikuwa kweli. Mzee Pasikali akanywa, akanywa tena, akapiga paja. "Ghati! Tangu lini unajua hivi?" Watu wakasogea. Melkiadi alimtazama mkewe kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe njiani.

"Mama naye aonje," Ghati akasema. "Bila yeye si heshima. Mama, utaje kasoro."

Akampa mrija. Ernesta alivuta, akakitafuta kile kitu alichokijua tangu utoto wake, boga na moshi na mtama, na hakukuta kitu. Hapo ndipo moyo ulipomvunjika, akachagua ukweli.

"Sisikii kitu," alisema. "Wanangu, ulimi wangu umekufa tangu Kwaresima. Hii ya pili ndiyo niliyoipika mimi. Ghati ndiye aliyekuwa ananionjea. Mwulizeni."

Harerimana akasema, "Ulimi wako ufe? Shemeji, wewe utazikwa Jumatatu, ulimi utazikwa Ijumaa!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Melkiadi peke yake hakucheka.

"Hata leo, mama?" alisema. "Umeshindwa, amekufunika aibu, na bado unamnyang'anya?"

"Ghati," Ernesta akasema. "Waambie. Kwa jina la Mungu, mwanangu, waambie."

Ghati alimtazama machoni, bila hasira, bila haraka.

"Mama anatania," alisema.

"Hakuna utani," Melkiadi akasema. "Kesho asubuhi nitampigia Nurudini. Mama utakwenda Kibondo kabla ya wiki kwisha."

Ghati akapiga goti, akautoa mrija katika vidole vya mama mkwe wake, akafuta ncha yake vizuri kwa upindo wa kanga, akampa Mzee Pasikali.