Breki Imekuffa

Watu wa ofisini walikuwa wameuzunguka ubao wa matangazo wakicheka, nami, naona haya kulisema, nilicheka pia.

Ilikuwa mwaka 2007, Juba ikijengwa kwa pupa baada ya mkataba wa amani. Nilikuwa nimerudi kutoka Eldoret, nilikokulia, nikaajiriwa ukarani katika kampuni ya kubeba kokoto. Meneja wetu, Marino, alikuwa amebandika ubaoni barua ya Kizza, dereva Mganda aliyeishi mtaa wa Sherikat. Kila kosa alilizungushia wino mwekundu: "Kwa menenja. Rori namba ine breki imekuffa. Kwa dalaja itauwa watu. Mimi hapana endesha."

"Menenja!" Marino alifuta machozi. "Rori!"

Kizza alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alinigeukia mimi. "Dada Nyanut, wewe nafahamu ile mimi naandika?"

"Nimefahamu."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilikuwa nimefahamu kila neno.

Mchana Marino aliniita nichape jibu. Alikuwa amehudhuria semina nyingi Nairobi, na kila semina ilimwachia neno jipya. Alinisomea akitembea huku na huku: "Uongozi unatambua changamoto za wadau kuhusu mfumo wa usimamishaji. Suala hili litaingizwa katika mchakato jumuishi wa mapitio ya kimkakati. Kwa sasa, shughuli ziendelee."

Vidole vyangu vilisita. Shughuli ziendelee: yaani kesho Kizza avuke daraja na shehena ya mawe mgongoni, akina mama wenye ndoo wakipita ubavuni mwake.

"Breki zitatengenezwa lini?" niliuliza.

"Andika nilivyosema."

Niliandika. Kisha nikachukua kalamu yake nyekundu, nikaenda ubaoni, nikabandua barua ya Kizza na kubandika ya meneja. Nikazungushia wadau. Nikazungushia mchakato jumuishi, na mapitio ya kimkakati, na usimamishaji. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: MAANA YAKE, BREKI HAZITENGENEZWI. ENDESHENI HIVYO HIVYO.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Asubuhi malori yote saba yalilala uani. Madereva walikaa kivulini, wakamwacha Marino apige kelele mpaka sauti ikamkwama. Kabla ya adhuhuri fundi aliletwa. Aliingia chini ya lori namba nne, akatoka na kipande cha mpira wa breki, akakimega kwa vidole viwili kama mkate mkavu.

Jioni nilikabidhiwa bahasha. Kampuni, ilisema barua, katika kuboresha muundo wake, imenipa fursa ya mpito kuelekea malengo yangu mapya.

"Unanifukuza?" nilimuuliza Marino.

"Nyanut, hapa hatutumii lugha hiyo."

"Mimi naitumia. Siondoki mpaka useme."

Alipanga karatasi zake, akazipangua. Nilivuta kiti, nikaketi.

"Nakufukuza," akasema hatimaye, macho mezani.

Nikamshukuru, nikachukua mkoba wangu, nikashika njia ya kwenda nyumbani Munuki kwa miguu.