Feni Isiyopoza Kitu

Feni ya kompyuta ya mume wangu ilikuwa na roho mbaya. Ilinisubiri niseme, "Haya, wanafunzi wangu," ndipo ianze kunguruma. Mimi hufundisha hesabu kwa mtandao, chumbani, kwenye ubao mdogo nilioutundika kando ya kabati. Yeye huchora nyumba za watu katika chumba cha pili, na mchoro ukiwa tayari kompyuta huuchemkia mpaka itoke picha inayofanana na nyumba ya kweli. Hapo joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hupanda kupita nyuzi tisini na feni hulia kama inataka kuondoka na paa. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, uko uwanja wa ndege?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Nikamshikia mume wangu bango. Nilimsema asubuhi, nikamsema tukila, nikamsema mbele ya mama yake. Mwishowe akasalimu amri, akanunua kipozaji cha maji.

Nilimshikia tochi akikifunga. Feni ya zamani ikang'olewa na chuma chake. Akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha akakalisha hapo kipande cha shaba chenye pampu ndani. Kutoka kwenye shaba, mipira miwili ya maji ikapanda hadi kwenye rejeta iliyofungwa juu ya kasha. Maji yanabeba joto, yanaliacha kule juu, yanarudi kuchukua jingine. Alipoipa kompyuta kazi nzito, nyuzi ziligoma kuvuka sitini. Nyumba ilikuwa kimya kama maji mtungini.

"Umefurahi sasa, mwalimu?"

"Mno."

Mama mkwe wangu alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake kando ya mlango wa chumba hicho, akikunja nguo. Macho yake yaliacha kuona zamani, lakini shati alilokunja yeye huwezi kulikuta na kunyanzi.

Mama si mtu wa kuita. Tangu ahamie kwetu, akitaka maji au chai husubiri. Mashine ikinguruma, mwanawe yumo kazini, asisumbuliwe. Mashine ikinyamaza, mwanawe anatoka, na yeye humpokea na swali lile lile: "Umemaliza?"

Baada ya kufunga kipozaji, swali likabadilika. Mume wangu akitoka chumbani, mama husema, "Umerudi?" Naye hujibu, "Eeh, mama," akapita kwenda kujinyoosha uani. Tulicheka kidogo, tukasema ni uzee. Mungu atusamehe.

Kisha siku moja nilikuwa katikati ya somo la sehemu, mlango wangu wazi kwa sababu ya joto, mama akaniuliza kutoka sebuleni, "Mwanangu, mumeo siku hizi anatoka sana, eti?" Sikio moja lilikuwa kwake, jingine kwa mtoto aliyekwama kwenye theluthi mbili.

"Ndiyo, mama, ndiyo," nikasema.

Ndiyo ya kumnyamazisha mtu tu. Nilikwishaisahau kabla mtoto hajapata jibu.

Nilikuwa sokoni mama alipoanguka. Alitaka maji, akaenda jikoni mwenyewe, akakosea kile kidaraja cha mlangoni. Mume wangu alisikia kishindo, akadhani ni cha jirani anayetengeneza makochi. Akatega sikio kama kuna atakayeita. Hakuna aliyeita, akaendelea kuchora. Alipokwenda kujitilia maji alimkuta mama yake sakafuni, mkono umekunjika chini yake, anapumua taratibu kama mtu aliyekata tamaa ya kusaidiwa.

Nilirudi nikakuta wameshatoka hospitali, mkono umefungwa plasta. Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti.

"Mbona hukuniita, mama?"

"Ningemwita nani? Nyumba haikuwa na mtu."

"Nilikuwemo. Humo ndani, hatua chache tu."

"Mashine ilikuwa kimya, baba. Nikajua umetoka. Siku hizi unatoka sana."

"Nani kakwambia natoka? Sijatoka!"

Mama akageuza uso polepole mpaka ukanielekea mimi, niliyesimama mlangoni na kikapu. Alinijua kwa mlio wa viatu. Nikasubiri aseme.

"Nilidhani tu," akasema.

Angenitaja, ningejitetea, nina mdomo mimi. Lakini alinisitiri, na sitara ile ikanikata maini. Nikaweka kikapu chini, nikalia.

"Ni mimi," nikamwambia mume wangu. "Aliniuliza, nikamjibu ndiyo. Sikuwa hata namsikiliza."

Nilitaka anigombeze. Aliinuka, akaenda stoo, akarudi na ile feni ya zamani, imejaa vumbi.

Kipozaji hakukitoa. Feni aliifunga pembeni ya kasha kwa skrubu mbili, mahali isipopoza kitu, akaiunga ifuate mwendo wa prosesa: kazi ikiwa nzito ilie, kazi ikiisha inyamaze. Kesho yake akafunga mlango, akaipa mashine nyumba nzima ya ghorofa.

Nilikuwa nimekwishaanza somo. Ngurumo ikaja ukutani, ile ile, na roho yake mbaya ile ile.

"Mwalimu, umerudi uwanja wa ndege?"

"Nipo nyumbani," nikasema, "na mlango wangu uko wazi, kwa hiyo msishangae nikiitwa."

Lakini mama hakuita. Alikuwa kwenye kiti, plasta mapajani, akikunja taulo kwa mkono mmoja, na uso wake umetulia kuliko nilivyouona kwa wiki nyingi. Baadaye feni ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza. Mlango ukafunguliwa.

"Umemaliza?" mama akauliza.

Mwanawe akainama, akaushika mkono wake ulio mzima. Nami, chaki mkononi, nilikuwa nimewapa kisogo wanafunzi wangu ili wasinione.