Mstari wa Namba wa Mwalimu Thadei

Mume wangu, Mwalimu Thadei, huchora duara kwa mkono mtupu na likakaa sawa. Alipomaliza kuandika kitabu chake cha hisabati, aliniletea michoro yote ya penseli niichore upya kwenye kompyuta, katika steshenari yangu hapa Bariadi.

Programu yenyewe haina mchezo. Huchori kwa kipanya. Unapima kwa rula kila kona ilipo, unaiandikia namba zake, nayo inachora. Ukikosea namba moja, pembetatu inakwenda zake nje ya ukurasa.

Sura za mwanzo zilinyooka. Nilipofika kwenye sura ya namba hasi nikacheka peke yangu. Mstari wa namba ulianzia sifuri ukaenda kulia: moja, mbili, tatu. Kushoto kwa sifuri, karatasi tupu. Sura ya namba hasi isiyo na namba hasi! Nikasema akirudi nitamtania mpaka aombe poo.

Mchoro uliofuata ulikuwa duara, nusu yake tu, ya kulia. Sasa nikakasirika, mtu mzima anafanya kazi nusunusu na mchapaji anasubiri. Nikafunua tena: pembetatu yenye B na C, A haipo. Msambamba wenye pande tatu. Na kila kilichokosekana kilikuwa kushoto.

Hasira ikanitoka. Huyu hakusahau. Huyu upande huo hauoni, wala hajui kwamba hauoni.

Leo asubuhi nilimwekea viazi, akala vya upande mmoja wa sahani, kisha akaniuliza kwa nini siku hizi nambania chakula. Nilidhani utani wake. Nikaigeuza sahani, akavimaliza. Na pikipiki yake haina kioo cha kushoto; alikivunja kwenye nguzo ya geti, akaapa kwamba nguzo hakuiona. Nilimgombeza sana siku ile, maana nguzo yenyewe tulijenga wote.

Na leo alikwenda Lalago kwa pikipiki hiyohiyo.

Nikampigia simu. Ikaita tu. Nikampigia Mabula, mwalimu mwenzake wa kule.

"Mwadila, mama," akanisalimu kwa Kisukuma. "Ameshaondoka muda. Ila atachelewa, barabarani malori ya pamba ni mengi, na ng'ombe ndo wanarudi saa hizi."

Nilifunga duka bila hata kuzima kompyuta, nikakimbilia nyumbani. Niliogopa, jamani, sijawahi kuogopa hivyo. Nilisimama getini nikiomba, na kila pikipiki iliyosikika nilisema ndiyo hii, kisha ikapita. Nilimwona kichwani mwangu akiimba nyimbo zake za kanisani, na ng'ombe wakimtokea kushoto.

Jua lilikuwa linazama alipoingia, mzima, shati limejaa vumbi. Akazima injini. Nikamkimbilia, nikasimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa bega, nikanyamaza. Nilitaka aniangalie, nijione mjinga.

Thadei alivua kofia, akageukia mlango wa jikoni, kulia kwake.

"Mama Marcelo!" akaniita kwa nguvu. "Mama Marcelo! Kwani nyumba hii haina mtu?"

Niliuma kanga nisilie. Nikapita nyuma yake, nikatokea upande wa kulia.

"Aa, kumbe ulikuwa huko nyuma," akasema akicheka, na mimi nikanyoosha mkono nikachomoa ufunguo wa pikipiki.