Mikono Miwili

Kwa kuangusha simu, mama yake fundi hakuwa na mpinzani. Vioo alivyombadilishia havihesabiki, mpaka siku moja uvumilivu ukamwishia, akamfokea: "Mama, ishike kwa mikono miwili, huku chini, uikamate kweli." Mama akatii. Na fundi mzima akasahau jambo analowaeleza wateja kutwa: antena ya simu ile iko chini, na mkono ukiifunika mtandao unazimika. Tena nyumba yenyewe iko bondeni, mtandao wa kubahatisha.

Mchana ule alikuwa anakaza skrubu mama alipopiga.

"Mwanangu, yule mtu wako amefika. Anasema umemtuma amchukue mtoto..." Sauti ikakatika.

Fundi hakuwa amemtuma mtu. Akatazama benchi la wateja. Mwanamume wa kofia aliyekuwa amekaa pale asubuhi, akimsikiliza akiongea na mama kwa spika kwamba shule zimefungwa na binti yake yuko na bibi yake kule nyumbani bondeni, wawili tu, alikuwa ameshaondoka. Simu yake mbovu ilikuwa bado kaunta.

"Mama, sijamtuma mtu. Usifungue mlango."

"Husikiki, mwanangu."

"Iachie simu. Iweke mezani, weka spika."

Mikwaruzo tu. Alijua kinachotokea kule: mama hasikii, kwa hiyo anaibana simu zaidi, na kadiri anavyoibana ndivyo anavyompoteza. Akakata, akapiga tena. Ikapokelewa kwa mikono ileile.

"Haya, nimekusikia," mama akasema, kama wazee wanavyosema wakichoka kuuliza. "Ngoja nimfungulie, asisimame juani."

Komeo la mlango ule lilikuwa gumu. Fundi alikuwa ameahidi kulitia mafuta, akawa anapiga danadana. Halifunguki kwa mkono mmoja.

Mama akaiweka simu mezani, na mtandao ukajaa. Fundi akasikia kila kitu bila mkwaruzo: ndala zikiburuta sakafuni, binti yake akiuliza ni nani, komeo likikwama, likiachia. Alipiga kelele hadi majirani wakatoka madukani, lakini kule mezani sauti yake ilikuwa ndogo, ya kusikika sikioni tu.

Kisha ikaja sauti ya kiume, ya upole na adabu zake zote.

"Shikamoo, mama. Mtoto yuko tayari?"