Aliyezama Azame

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliifanya bila kusaidiwa na mtu. Asubuhi nilipiga simu redioni. Mada yao ilikuwa hii: siku nchi za Afrika Mashariki zikianza kutumia sarafu moja, halafu mwenzetu mmoja akazama kwenye madeni, je, wenye nafuu wamwokoe?

"Azame!" nikasema, kifua mbele kana kwamba mtangazaji ananiona. "Mimi ni Bashiri wa Ruponda, mkulima wa korosho. Mtu kakopa kwa raha zake, kala, kacheza, leo nimlipie mimi? Aliyezama azame, wengine wajifunze kuogelea!"

Mtangazaji alicheka, akasema Ruponda kuna wachumi. Nikakata simu nikiwa profesa.

Nikaenda shambani, na uprofesa ukaishia huko. Mikorosho ilikuwa imechanua, lakini maua yamepakwa unga mweupe kama mwali anayetolewa nje. Ubwiriunga huo. Dawa yake ni salfa, na salfa yangu ya ruzuku nilikuwa nimekwenda kuiuza Ruangwa, mifuko yote, ili binti yetu Zulfa achezwe unyago wa kusimuliwa. Nilikodi spika kubwa kunishinda mimi. Walikuja watu hadi wa Kilimarondo. Wengine mpaka leo sijui ni ndugu wa nani. Sasa bila salfa wiki ile, msimu wote ungekwenda na maua, na shamba jingine hatuna.

"Nenda kwa dada," akasema mke wangu, Mwanabibi, bila hata kuniangalia.

Dada yake ni Sikuzani. Shamba lake limepakana na letu, na kila mwaka namtania kwa ubahili. Nilimkuta uani anafuta vumbi mashine yake ya kupulizia.

"Karibu, shemeji mwogeleaji."

Alikuwa amesikia. Ruponda nzima ilikuwa imesikia.

"Yale mambo ya nchi, shemeji," nikasema. "Mimi nimekuja kwa mambo ya mikorosho."

"Imezama?"

"Kidogo."

"Basi na izame."

"Hebu fikiri, shemeji! Ubwiriunga haujui mpaka. Upepo ukitoka kwangu unaingia kwako. Ukiniacha, unga wangu utakufuata mpaka kwenye maua yako. Kuniokoa mimi ni kujiokoa wewe!"

Hoja hiyo asubuhi ningeichana vipande. Mchana nikaiona ina hekima ya ajabu.

"Kwa hiyo mwenye salfa ndiye ahangaike," akasema, "na aliyeuza yake aendelee na muziki?"

"Na wewe ulicheza! Pilau ulikula sahani mbili."

"Nilikula. Na mchele wa pilau hiyo ulikopa kwa nani?"

Nikaanza kuwatazama kuku wake kwa makini sana.

Sikuzani akaingia ndani, akatoka na mifuko ya salfa, akaifunga kwenye baiskeli. Roho ikanirudi. Nikanyoosha mkono nimpokee, akausukuma.

"Hushiki hata mmoja, usije ukafika nao Ruangwa. Napulizia mwenyewe. Korosho zikidondoka zinapita kwangu kwanza: natoa salfa yangu, natoa mchele wangu, kinachobaki nampa Mwanabibi mkononi. Na mwakani sitaki kusikia spika."

Hapo damu ya ukoo mzima ikanipanda kichwani.

"Shemeji! Shamba lile nimeachiwa na mjomba wangu! Unataka kunitawala ndani ya mipaka yangu? Mimi sina heshima? Mwenye shamba ni nani?"

Sikuzani akaegemeza baiskeli ukutani, akaanza kufungua kamba.

"Mwenye shamba ni wewe, shemeji, nani kakunyang'anya? Ngoja nirudishe salfa ndani, wewe ukaipulizie mikorosho heshima."