Mke wa Mtu Aliye Hai

Debe la Waceke lilikuwa la tatu kwenye foleni alipoliacha kwenda kumtazama mtoto, na aliporudi lilikuwa la mwisho. Ukiuliza, hakuna aliyelisogeza. Wanawake ishirini na kitu, bomba moja la lokesheni nzima, mtaa wa Waafrika wa Thika, na hakuna mkono uliogusa lile debe.

Wiki mbili nyuma asingepanga foleni. Wangemsukuma mbele wao wenyewe: mpisheni, mpisheni, sauti isije ikapata mafua. Wangemjazia maji na kumbebea mpaka mlangoni, na mmoja angeacha mayai mawili kwenye kizingiti, mwingine fungu la mboga. Hiyo ndiyo faida aliyoipata kwa ile sahani ya gramafoni yenye jina lake.

Wimbo wenyewe uliitwa "Kiti Hakikaliwi". Mke anamwambia mumewe aliyesafiri kikazi kwamba kiti chake kiko palepale karibu na moto. Mgeni akija anapewa stuli, mtoto akichoka anakaa chini. Serikali ilisikia habari za mume aliyesafiri kikazi, ikaupitisha. Wanawake wa Thika na Ruiru, ambao waume zao walipakiwa kwenye malori kupelekwa kizuizini Hali ya Hatari ilipoanza, hawakusikia safari yoyote ya kikazi. Waliusikia mlangoni kwa Mhindi, ratili ya sukari mkononi, wakalia hadharani bila mtu kuweza kuwashtaki. Mwaka ulipotoka, 1957, hukufunga arusi Ruiru bila wimbo ule kupigwa. Mke ni kama huyo, walisema, na walikuwa wanamsema Waceke mwenyewe, si wimbo.

"Mama Nyawira," alisema Njambi pale mbele, bila kugeuka, "ile shati ilikauka?"

Foleni ikacheka kidogo, ikingoja zaidi.

"Shati gani?" aliuliza Waceke.

"Ya mistari. Ya mikono mirefu. Ama nyinyi waimbaji ndivyo mnavyovaa mkirekodi?"

Shati lilikuwa la Wamalwa, mpiga gitaa wake, karani wa stoo kwenye kiwanda cha magunia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, nguo zikanuka ndani ya chumba, na jua lilipotoka Waceke alifunga kamba nje na kuanika kila kitu. Kila kitu. Ndilo kosa lake lote. Mwaka mzima Wamalwa alikuwa akija na kuondoka, gitaa mgongoni, na watu wakisema wanafanya mazoezi. Shati moja kwenye kamba likamaliza mazoezi.

"Kiti hakikaliwi," mama mmoja akaimba kwa pua. "Kumbe mgeni hataki kiti. Anataka kitanda."

Sasa wakacheka sawasawa.

"Mimi sahani yangu nimeivunja kwa goti," alisema mwanamke mzee aliyekuwa nyuma yake. Huyu hakuwa akicheka. "Miaka miwili nimelia na wewe. Kila jioni. Nilikuwa najiambia, kama Waceke anangoja, na mimi nitangoja. Nirudishie machozi yangu."

Waceke angeweza kusema mengi. Angeweza kuuliza habari za mtoto wa tatu wa Njambi, aliyezaliwa miaka miwili baada ya baba yake kwenda Mombasa kutafuta kazi na kunyamaza. Kila mtu alijua hesabu ile, na hakuna aliyeihesabu kwa sauti, kwa sababu Njambi hakuwahi kuimba mahali popote.

Alikinga maji akiwa wa mwisho, yakitiririka kama uzi, akajitwisha debe.

Lile ambalo hakuweza kusema lilikuwa na jina la Bedan. Bedan alitoka kambini mwezi wa tatu, ngozi na mifupa, na sasa alikuwa akifagia uwanja wa hedmani, mkuu wa mtaa aliyewekwa na serikali, na kuripoti kwake kila Jumatatu. Wiki ya kwanza alimfuata Waceke shambani, akainama kama anayefunga kiatu, na kiatu chenyewe hakuwa nacho.

"Mumeo Mburu hayuko," alisema. "Tangu mwaka juzi. Alikataa kubeba ndoo ya choo, wakampiga mpaka jioni. Tulimfukia watu wanne. Mimi nilishika miguu."

Halafu akasema, "Ukilisema hilo, wananirudisha kule."

Basi hakulisema. Alimwambia Wamalwa peke yake. Hata Nyawira, binti yake, hakuambiwa, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi hulia, na akilia huulizwa. Karatasi ya kifo haikuja. Bila karatasi hapakuwa na kifo, na pasipo kifo hapakuwa na mjane wala arusi. Palikuwa na shati tu.

Siku moja kabla ya ile foleni ya bombani, Ijumaa, Nyawira alirudishwa nyumbani kutoka shule ya kanisa, daftari kwapani. Wa kwanza darasani. Mtihani wa darasa la nne, unaochuja nani aendelee na nani arudi kuchuma kahawa, ulikuwa wiki tatu mbele. "Mwalimu amesema nitarudi mama akirudi," alisema mtoto. "Lakini mama, wewe umeenda wapi?"

Waceke alitua debe, akafunga kitambaa kingine, akaenda kwa hedmani.

Gerishon alikuwa hedmani Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili mzee wa kanisa. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mabati kando ya kituo cha homgadi, wanamgambo wa serikali. Kulikuwa na kiti cha wageni. Kofia ya Gerishon ilikuwa juu yake, na hakuiondoa.

"Mwimbaji," alisema. "Tulikuwa tunakusikia redioni, siku hizi tunakusikia bombani."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto, mzee."

"Mtoto hana neno. Mwerevu sana, nimeambiwa." Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa taipu. "Kesho utasimama kanisani, utasoma hii, utatia sahihi mbele ya watu. Jumatatu mtoto yuko darasani. Wewe kusoma unajua."

Alisoma akiwa amesimama. *Mimi, Waceke, mke wa Mburu, ambaye yu hai na yuko kizuizini, nakiri kwamba nimevunja ndoa yangu.*

"Hapa pameandikwa yu hai."

"Ndiyo."

"Mzee, na kama—"

"Kama nini?" Gerishon aliegemea nyuma, hana haraka. "Sema tu. Kama amekufa, wewe ni mjane. Mjane akipata mwanamume, kanisa linauliza arusi ni lini, basi. Hakuna kusimama, hakuna karatasi, mtoto anarudi shule. Ila nitakuwa na swali moja, na hilo si la kanisa. Nani alikuambia? Serikali haijakuambia. Kwa hivyo kuna mtu hapa Thika anatembea akisema watu wanauawa kambini. Nitajie jina lake, askari wamlete kabla chai yangu haijapoa."

Nje, ufagio ulikuwa ukikwaruza uwanja. Ukasimama.

"Hakuna aliyeniambia," alisema Waceke.

"Basi yu hai."

Ufagio ukaendelea.

"Nikueleze kitu, binti," Gerishon akasema, sasa kwa upole wa mzee wa kanisa. "Kuna wakubwa wanauliza maswali Nairobi. Mpaka Ulaya huko wanauliza. Fulani yuko wapi, fulani yuko wapi. Mburu yuko kwenye orodha yao. Mimi nikijibu, watasema huyu ni hedmani tu. Lakini wewe kila mtu anakujua. Mke mwenyewe, mwimbaji mwenyewe, mbele ya watu mia nne. Nani atauliza tena?"

"Nipe pasi ya kusafiri, mzee. Nitahama na mtoto wangu. Hamtaniona."

"Kwenda na yule kijana wa gitaa? Mke wa mtu, kwa sahihi yangu?" Alionekana kushtuka kweli. "Watu watanisema nini?"

Wamalwa alikuja saa kumi jioni ile kutoka Ruiru, ambako kulikuwa na arusi. Hakuingia. Alisimama mlangoni na gitaa lake, na Waceke akamwona ana aibu.

"Walikataza jina lako lisitajwe," alisema. "Mimi walinibeba juu. Wananiuliza, Wamalwa, umewezaje kuramba asali ya mtu aliyefungwa na serikali? Nikawaambia wanishushe. Wakadhani natania."

"Na ya kesho kanisani, umeyasikia?"

"Nimekwenda kwa Gerishon. Nikamwambia kosa ni la watu wawili, na mimi pia nisimame. Akanipiga bega. Akasema vijana wa kwetu damu yetu ni moto, nikae nyuma, nisiwachanganye watu."

"Basi kaa nyuma."

"Waceke. Ukisoma ile karatasi, hatutaoana kamwe. Unalijua hilo?"

"Mtihani ni wiki tatu," alisema Waceke, akarudi kupepeta maharagwe.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Lori lilikuwa limeleta watu kutoka Ruiru, na wanawake walikuwa wamefunga vitambaa vipya. Hata ukumbi wa Ruiru siku ya Krismasi haukuwahi kujaa hivyo kwa ajili yake. Alisimama chini ya mimbari na karatasi, akaona nyuso alizozizoea, zilezile zilizokuwa zikimtazama akiimba, zimenyanyuka vilevile, zinangoja noti ya kwanza. Bedan alikuwa benchi la tatu, mikono katikati ya magoti. Wamalwa alikuwa nyuma, penye wageni.

"Mimi, Waceke," alisoma, "mke wa Mburu, ambaye yu—"

Neno "hai" likamtoka kama pumzi.

"Sauti," akasema mtu nyuma. "Huku hatusikii."

"Ambaye yu hai," alisema Waceke.

"Tena, mama. Kama unavyoimba."

Mhubiri akaitikia kwa kichwa kuruhusu. Waceke alivuta pumzi kutoka tumboni, kama alivyofundishwa siku ya kurekodi, akaipeleka sauti mpaka ukuta wa mwisho. "Mke wa Mburu, ambaye yu hai." Ilifika. Ilikuwa sauti nzuri. Wanawake wawili walianza kulia hapohapo.

Yaliyobaki alisoma haraka, akatia sahihi juu ya meza ya sakramenti, Gerishon akapuliza wino ukauke na kuikunja karatasi mara mbili. Mhubiri aliposema tumwombee Mburu arudi salama, kanisa zima liliitika amina, na amina ya Bedan ndiyo iliyotoka kwa nguvu kuliko zote.

Nje walimkumbatia. Lazima isemwe kwamba walimkumbatia kwa mioyo yao. Mwanamke mzee aliyevunja sahani alimshika mashavu, akaahidi kununua nyingine mwisho wa mwezi. Njambi alilia mpaka kitambaa kikalowa.

"Tulikupenda, ndiyo maana tuliumia," alisema. "Ungekuwa mtu tu, nani angejali?"

Wakamzunguka Nyawira, wakamwambia baba yake atarudi, asome kwa bidii, atamkuta anajua Kiingereza. Nyawira alicheka, akamtafuta mama yake kwa macho kuona kama ni kweli. Wamalwa alikwisha kuondoka. Hakuna aliyemsimamisha; wanaume wawili tu walimpungia kofia.

Halafu mtu akasema isiishie maneno. Wamtumie Mburu kifurushi, ajue mkewe amerudi na watu wake wamemlinda. Wazo likashika kama moto wa majani makavu. Mmoja akatoa fulana, mwingine sabuni mbili. Njambi akaomba penseli kwa mwalimu, akageuza kitabu chake cha nyimbo upande wa nyuma, akalowesha penseli kwa ulimi.

"Shati, Mama Nyawira? Shingo yake ni nene?"

"Ya kawaida."

"Na viatu anavaa namba gani?"

Bedan alikuwa hatua tano kutoka hapo. Aliyeshika miguu. Alikuwa akiangalia chini.

"Tisa," alisema Waceke.

"Ti-sa," Njambi aliandika.

Gerishon, karatasi ndani ya koti, alisema mizigo yote ya kambini hupitia ofisini kwake, kwa hivyo waifunge vizuri. Akauangalia mguu wake kidogo. "Tisa ni namba nzuri," alisema. "Nunueni vya ngozi. Msiwe wachoyo."

"Na blanketi je?" aliuliza Njambi, penseli tayari. "Huko aliko kuna baridi?"

Waceke akafungua mdomo, na uwanja mzima ukanyamaza umsikilize.