Kahawa ya Wazee wa Barjas

Mume wangu Mutlaki ni mlinzi wa msitu wa serikali juu ya kijiji chetu, katika milima ya Ajlun, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwezi wa kumi na moja aliwafuma wana wa Fawazi wa hapa kijijini wakiangusha mialoni kwa msumeno wa mashine, wapate kuni za kuuza wakati wa baridi. Alipowazuia walimpiga kwa mpini wa shoka, wakamvunja mkono. Miti thelathini na mmoja ilikuwa chini. Shahidi alikuwa yeye peke yake. Akaenda polisi akaandikisha yote, nami nilifurahi, sioni haya kusema.

Siku tatu kabla ya kesi, wakaja wazee. Wanaume arobaini wenye majoho, na mbele yao Sheikh Barjas, ambaye mwaka mzima hata salamu yetu haitikii. Kwetu ujumbe kama huo ukiingia, kahawa humiminwa, na mkubwa wao huweka kikombe chini asionje mpaka apewe alichokijia. Mwenye nyumba akiiacha ipoe, watu watamsema yeye na wanawe mpaka kaburini.

Mutlaki alinifuata jikoni, mkono umefungwa shingoni.

"Mama Hazim, kahawa."

"Sipiki. Bila kahawa, kikombe gani wataweka chini?"

"Usiniaibishe, mke wangu. Watu wamejaa sebuleni."

"Aibu waone wao! Nyang'au wakubwa, wamevaa majoho kuja kuombea wezi!"

Akainamisha kichwa. "Hazim anaposa mwezi ujao. Nani atampa binti?"

Nikapika. Sitamsingizia mtu, niliipika mimi, na hiliki nikatia.

Nikasimama nyuma ya pazia. Barjas alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Abu Hazim, vijana wamekosa. Mkono wako ni mkono wetu, matibabu juu yetu. Lakini miti, ndugu yangu? Mali ya serikali. Itaota."

"Ule mkubwa wa kisimani, Sheikh, babu wa babu yangu aliukuta."

"Basi, Mungu aurehemu!"

Wakacheka, wazee wazima na ndevu zao. Mkono wa mtu una wa kuuombea radhi. Mti hauna mjomba wala shangazi wa kuvaa joho akabishe hodi kwa mtu.

Kisha nikamsikia Mutlaki akisema, "Kunyweni kahawa yenu. Mmepata mlichokijia."

Kesho yake akafuta ushahidi wake, na kesi ikafa. Hazim akaoa. Mkono uliunga, umepinda kidogo.

Wana wa Fawazi sasa hawajifichi. Wanakata mchana kweupe, upande wa kisimani umebaki visiki vitupu. Wakimwona mume wangu anapita, wanazima msumeno kwa adabu, wanasimama.

"Salama, ami Abu Hazim! Mkono haujambo?"

Naye huwajibu haujambo, akapita.